Atomu Iliyovimba

Rachida aliandika tena jina la salfa mahali pa oksijeni, akabonyeza, akaegemeza kichwa ukutani kungoja. Kompyuta ilikuwa ya Gracia, rafiki yake wa maabara, na ilikuwa kuukuu kiasi kwamba kila ikipewa hesabu ilivuma kama mzinga wa nyuki. Nje mvua ilikuwa imekatika, lakini paa lilikuwa bado linadondosha maji kwenye mapipa. Rachida alifumba macho. Hakuwa na usingizi. Macho tu yaliomba kupumzika, naye hakuwa na nguvu ya kuyanyima.

"Imevimba?" Gracia aliuliza bila kugeuka. Alikuwa akiosha mirija ya glasi kwenye beseni.

Rachida alifumbua macho. "Imevimba."

"Tena?"

"Tena. Kama mutu amekula lituma ya ndizi ya matanga, sahani yake na ya jirani."

Gracia alicheka mpaka maji yakamrukia kifuani. "Basi uipatie jina yake, itapona!"

"Prof hataki."

"Prof haiko hapa."

"Sauti yake iko," alisema Rachida, akagusa sikio.

Kilichovimba kilikuwa atomu moja. Kwa miezi mingi Rachida alikuwa akipika, ndivyo walivyoiita kazi yao, molibdeni, shaba na iodini pamoja na salfa, ile ambayo vitabu vyao vya Kifaransa huiita soufre, ili vishikane viwe kitu kimoja. Ule mchuzi mwekundu aliutia ndani ya mirija myembamba, juu yake akamimina etha, kimiminika kinachovukiza upesi, taratibu, akaisimamisha mirija kwenye sanduku la mchanga ili isitikiswe na pikipiki za barabarani, akangoja. Mara nyingi alipata matope. Mara nyingine unga. Kisha asubuhi moja, katika mrija wa pembeni aliokwisha kuukatia tamaa, alikuta fuwele: vipande vidogo vyekundu vinavyoelekea weusi, vyenye pande nyofu kana kwamba vimekatwa na sonara. Aliviangalia bila kuthubutu kupumua karibu navyo.

Kimoja kilipanda ndege uwanja wa Bangboka, kikiwa kwenye kichupa kilichozibwa kwa nta, kikaenda ng'ambo kupigwa mionzi, maana mashine ya kazi hiyo Kisangani haikuwapo. Baada ya kungoja kulikomchosha kuliko kupika, majibu yalirudi kwa barua pepe. Hayakuwa picha. Yalikuwa namba tupu, namba nyingi kama mchanga, ambazo mtu hukaa nazo mwenyewe na kuziuliza atomu gani imesimama wapi.

Namba zilijibu vizuri. Zilionyesha kisanduku chenye pembe nane. Kwenye pembe moja molibdeni, kwenye tatu shaba, na kwenye nne zilizobaki salfa tatu na iodini moja, zikipishana kama watu waliopangwa kwenye ngoma, mwanamume, mwanamke, mwanamume. Na juu ya molibdeni, nje ya kisanduku, ilisimama atomu moja peke yake, kama jogoo juu ya paa. Huyo jogoo ndiye aliyeleta maneno. Profesa Wenceslas, msimamizi wa Rachida, alisema ni salfa ya nne. Namba zilisema ni oksijeni.

Kompyuta huchora kila atomu kama yai. Ukiipa atomu jina lake, yai hutulia, likawa dogo. Ukiipa jina la mwenzake aliye mzito zaidi, ni kama kumvika mtu mwembamba kanzu ya mtu mnene: nguo hujaa upepo. Salfa ni nzito mara mbili ya oksijeni, na kila Rachida alipoandika salfa, yai lilifura, likawa kubwa kuliko molibdeni iliyolibeba. Tena lilikuwa limekaa karibu mno na molibdeni. Salfa haienei pale. Oksijeni huenea.

Jinsi ilivyoingia haikuwa na ajabu. Hewa ya Kisangani ina maji kama kitambaa kilichokamuliwa nusu, na maabara yao haikuwa na kabati la kuizuia. Mvuke uliingia kwenye mchuzi, ukang'oa salfa moja, ukaacha oksijeni yake mahali hapo. Hakuna aliyefanya kosa. Kisanduku kilikuwa kizuri vilevile. Ila hakikuwa kile kilichotangazwa.

Na kilikuwa kimetangazwa. Hapo ndipo mzigo ulipokuwa. Kabla majibu hayajarudi, Profesa Wenceslas alikuwa amekwenda Kinshasa kwenye mkutano wa wanakemia, akasimama mbele ya wenzake, akasema kwamba Kisangani imepata kisanduku cha shaba na molibdeni chenye salfa nne. Mtu mmoja alimuuliza umejuaje bila mionzi. Profesa alijibu, "Mtaona." Watu walipiga makofi.

"Rachida, mama," alimwambia ofisini siku alipoona namba. Alikuwa amevua miwani na kuikandamiza pua kwa vidole. "Miye nilisema soufre nne. Bantu bakasikia. Donc, on ajuste, tunarekebisha. Ile atome inatikisika juu ya joto, njo maana inaonekana kubwa. Andika vile. Ni mambo kidogo."

"Ndiyo, prof."

Lile ndiyo lilitoka peke yake. Tangu utotoni lilikuwa limefundishwa kutangulia mbele ya mkubwa yeyote, kama mbwa wa nyumbani anayekimbilia mlango kabla hajajua nani amebisha. Rachida alisimama pale akalisikia likiwa limekwisha kusemwa, akainama, akatoka.

Bila sahihi ya profesa mémoire yake, ile tasnifu ya shahada, isingepokelewa. Bila mémoire mandat yake, ile nafasi ya ualimu msaidizi, ingekwisha pamoja na mwaka, na session ya kutetea mbele ya jury ya walimu ilikuwa inakaribia kufungwa. Akiandika salfa, angepata sahihi kesho yake. Lakini kisanduku kingekwenda kuwekwa kwenye hazina ya fuwele za dunia nzima, chini yake limeandikwa jina lake, na kila mtu atakayekifungua popote alipo angekuta yai limevimba. Na hata kama asingekuta mtu, Rachida angejua. Hilo lilimchosha zaidi. Alikuwa amekaa na kile kipande chekundu muda mrefu mno asiweze kukisingizia.

Wala hakuweza kumchukia profesa. Wakati wa mabomu mjini ni yeye aliyebeba mizani ya maabara mgongoni kama mtoto, akaificha chini ya kitanda chake, na vita vilipopita akairudisha na kuifuta vumbi. Wengine walikwenda zao. Yeye alibaki, akafundisha kemia kwa chaki pale ambapo hapakuwa na chumvi hata ya kupikia.

"Mwambie tu," Gracia alisema sasa, akipangusa mikono. "Ingia bureau, mule ofisini kwake, useme: prof, siwezi. Maneno mbili."

"Nimejaribu."

"Lini?"

"Jana. Nikaingia."

"Ukasema nini?"

"Nikamuuliza kama anataka chai."

Gracia alimtazama, akaketi kwenye kigoda, akacheka tena, safari hii polepole, kwa huruma. "Wewe, Rachida. Utaolewa na mutu hujamupenda juu ya kuogopa kumukatalia maji."

Rachida alifunga kompyuta. Alijua ni kweli.

*

Nyumbani kwao ni Kabondo, kwenye uchochoro ambao nusu ya familia zake husali msikiti mmoja. Baba yake alikwisha kufariki, na mambo yote ya nje ya nyumba yalikuwa mikononi mwa Tonton Yunus, mdogo wa baba, fundi wa kushona suti na kanzu. Jioni ile Rachida alimkuta barazani, ameweka suruali ya mtu magotini na sindano mdomoni.

Aliketi kwenye mkeka. Tonton akatoa sindano.

"Sema. Umekaa kama mutu amevunja chungu."

"Tonton, nataka uende kwa prof."

"Prof Wenceslas?" Alinyoosha mgongo. "Anataka kukuoa?"

"Tonton! Ana wajukuu!"

"Wajukuu haikatazake mutu."

"Ni mambo ya kazi." Akaeleza, akichora kisanduku kwa kidole kwenye vumbi, pembe kwa pembe. Tonton Yunus alifuata kwa utulivu mpaka jogoo wa juu ya paa.

"Oksijeni, ile ya hospitali?"

"Njo ile."

"Na prof anakatala haiko?"

"Anakatala."

"Na iko?"

"Iko, tonton."

"Alors, mulete mbele yake aione!"

"Ameiona. Shida si kuona." Rachida alifuta mchoro kwa kiganja. "Nimemwambia ndiyo. Siwezi kumwambia hapana uso kwa uso. Nimejaribu, kinywa hakifunguki. Nataka mtu anisemee. Wewe ni mahali pa baba."

Tonton aliigeuza sindano vidoleni. Kwao jambo zito halipelekwi kwa mkubwa wa watu na kijana mwenyewe. Hupelekwa na mjumbe, awe anaomba mke, msamaha au kiwanja. Mjumbe hasemi la kwake. Hubeba maneno ya watu wake, huyatua, husikia jibu, hulirudia mbele ya aliyelitoa ili asiharibu hata neno, kisha hulibeba kurudi nyumbani na kulitua tena mbele ya wazee. Lakini haikupata kusikika kwamba mjumbe alitumwa kwa ajili ya atomu.

"Bantu ya université batanicheka," alisema.

"Labda."

"Nitavaa ile kanzu ya idi?"

"Kama unataka, tonton."

"Nitavaa." Alirudisha sindano mdomoni, kisha akaitoa tena. "Prof ni mutu wa Isangi, kule mtoni, si ni vile? Mama yako atafute samaki ya moshi. Hatuendi mikono tupu, kama bapolisi."

*

Walikwenda Jumapili baada ya misa ya profesa na kabla ya alasiri yao. Walipanda toleka, kila mmoja baiskeli yake. Tonton Yunus amekaa nyuma ya mwendeshaji wake ameshika kofia kwa mkono mmoja na samaki waliofungwa kwenye majani kwa mkono mwingine, kanzu imejaa upepo. Rachida alimfuata nyuma. Njia nzima aliomba baiskeli ipasuke mpira. Haikupasuka.

Profesa Wenceslas alikuwa barazani kwake, amevaa fulana na kaptura, anasikiliza redio. Alipomwona mzee wa kanzu akaingia ndani mbio, akarudi amevaa shati ambalo vifungo vyake vilikuwa vimekosana. Kisha akamwona Rachida nyuma, macho yamebandikwa chini, na uso wake ukabadilika.

"Karibuni," alisema polepole. "Karibuni, papa. Mukae."

Salamu zilichukua muda wake. Waliulizana habari za nyumbani, za mvua, za marehemu, za maji ya mto yalivyopanda kule Isangi. Samaki wakapokelewa. Profesa aliinusa ile bahasha ya majani, akafumba macho kidogo. "Hii ni ya kwetu kabisa," alisema. Rachida alikuwa ameketi pembeni, nusu nyuma ya mgongo wa tonton, kama desturi inavyotaka, maana anayesemewa hasemi.

Tonton Yunus alikohoa.

"Papa professeur. Miye ni mjumbe tu. Sikusoma kemia, nimesoma suruali. Nimebeba maneno, na nitayatua vile niliyapokea. Mutoto wetu anasema: unamulea kama baba, na hasahau. Anasema: ile kitu ya juu ya sanduku iko oksijeni. Anasema hawezi kuandika soufre. Anaomba umuachilie. Basi. Njo yote. Sasa nangoja jibu, nilipeleke kwa mama yake na wazee, bananingoja."

Redio ilikuwa bado ikisema ndani. Profesa alinyanyuka akaenda kuizima, akarudi, akaketi.

"Bon," alisema. "Papa, haya mambo ni ya kisayansi. Kuna modèle, kuna paramètres. On affine le modèle, on ajuste, kuna incertitude, unaelewa..." Alizungumza kwa muda, mikono ikichora hewani, Kifaransa kikizidi kila alipoendelea. Tonton alisikiliza kwa adabu yote, kofia imenyooka. Profesa alipomaliza, tonton akasema:

"Papa, ile mzigo ni mukubwa. Sitaweza kuibeba mpaka Kabondo. Nipe kidogo, ya kinywa changu."

"Waambie..." Profesa alitafuta. "Waambie tunarekebisha kidogo."

"'Tunarekebisha kidogo,'" Tonton Yunus alirudia, kwa sauti ileile, kama atakavyoirudia nyumbani. Alisubiri aone kama ndiyo yenyewe.

Neno lile, likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, lilikaa vibaya. Rachida alilisikia. Profesa naye alilisikia, maana alitikisa kichwa.

"Hapana. Usiseme vile. Watadhani mutoto aliharibu kazi. Hakuharibu. Sema... sema ni namna ya kuisoma."

"'Ni namna ya kuisoma.'"

"Hapana, ngoja."

"Nangoja, papa. Hakuna haraka."

Kuku alipanda barazani, akawatazama, akashuka. Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee sana, na Rachida alitamani kusimama, kusema basi, yaishe, nitaandika salfa, twende nyumbani. Alizishika pindo za kitenge chake kwa mikono yote miwili ili asisimame.

"Sema hivi," profesa alisema mwishoni, kwa Kiswahili kitupu, amechoka. "Prof anajua iko oksijeni, lakini..."

Akaiweka miwani mezani.

"'Prof anajua iko oksijeni, lakini,'" Tonton Yunus alirudia kwa uaminifu. Alingoja. Kisha, kwa upole wa mtu anayeogopa kuangusha kitu cha wenyewe: "Lakini nini, papa? Nisifike na nusu."

Mkono wa profesa ulipapasa meza kutafuta miwani, ukaipata, haukuivaa. Lile lakini lilikaa pale barazani katikati yao.

"Rachida," alisema.

Rachida alishtuka. Haikuwa desturi.

"Mbona hukuniambia mwenyewe? Nilikuuliza bureau, ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo, prof."

"Na sasa?"

Alitazama mkeka. Kulikuwa na uzi mwekundu uliokatika kwenye ukingo wake, akaukazia macho uzi ule. Alihisi lile ndiyo likinyanyuka tena kifuani, limezoea njia. Aliliacha lipite. Lilichukua muda.

"Sasa nasema hapana," aliuambia uzi. Kisha akaona haya kwa ukali wake, akaongeza, "Tafadhali."

Tonton Yunus aligeuka akamtazama binti wa kaka yake kana kwamba amesikia kiti kikisema.

Profesa Wenceslas aliinama mbele, viwiko magotini. "Unafikiri sikuona?" alisema. Hakuwa na hasira. "Niliona siku ya kwanza. Ile umbali, molybdène na ile kitu, ni fupi. Mutoto wa premier, wa mwaka wa kwanza, anaona. Niliona, nikasema mbele ya moyo wangu, prof, funga macho, umebakisha kidogo upumzike." Alicheka bila sauti. "Kule Kinshasa walinipigia makofi, Rachida. Ulikuwa mwaka gani mutu wa Kisangani amepigiwa makofi?"

Aliivaa miwani.

"Oksijeni ibaki," alisema.

Rachida aliinua macho.

"Ibaki. Lakini sikiliza vizuri, usifurahi upesi. Siwezi kusaini session hii. Bawili ya jury yako balikuwa mule ndani Kinshasa, walisikia soufre nne kwa kinywa changu. Wakisoma oksijeni kwako, watakufikiria wewe ndiye umekosa, na wewe hutajitetea, ninakujua, utawauliza kama wanataka chai."

Uso wa Rachida ulipata moto. Alijua alikuwa anasema kweli, na pia kwamba Gracia, asiyefunga mdomo, alikuwa amemwambia ile chai ilificha nini.

"Nitawaandikia kwanza. Niseme mwenyewe nilikosa. Wakijibu, tunaweka session inayokuja. Lakini session hii, hapana. Na mandat yako..." Alipapasa shati, akagundua vifungo vimekosana, akaviacha. "Nitajaribu. Sina nguvu ya zamani kwa bale ya rectorat, bakubwa ya université. Nitajaribu."

Rachida aliijua nitajaribu ya profesa. Haikuwa ya uongo, wala haikuwa ahadi. Ilikuwa mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa ufunguo. Huenda mwaka ungekwisha naye hana kazi, wala mahali pa kuegemeza kichwa ukutani mwa maabara. Alisubiri huzuni ije. Ilikuja, lakini ilikuja polepole, imechoka kama yeye, ikaketi karibu naye bila fujo.

Tonton Yunus alinyoosha kidole kimoja, cha pili, cha tatu. "'Oksijeni ibaki. Session hii hapana, ataandika kwanza aseme alikosa. Mandat atajaribu.' Ni vile?"

"Ni vile, papa."

"Hakuna lakini?"

Profesa alitafakari. "Hapana. Hakuna lakini."

*

Toleka hazikupatikana, wakatembea. Barabara ilikuwa na matope, na Tonton Yunus alikunja kanzu mpaka magotini, miguu yake myembamba ikiruka madimbwi. Alikuwa akirudia maneno yake chini kwa chini, midomo ikitembea, asiyapoteze.

"Nikuulize," alisema walipofika kwenye njia panda ya kwao. "Tumeshinda ao tumeshindwa?"

"Sijui, tonton."

"Mutu wa kuteta anajuaka."

"Tumechoka," alisema Rachida.

"Ile iko kweli."

Nyumbani wazee walikuwa wamekwisha kukaa: mama yake, shangazi wawili, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akabaki. Tonton Yunus hakukaa mpaka alipotua mzigo. Alisimama katikati ya chumba, akayasema maneno ya profesa yote kwa mpangilio wake, kwa sauti ya profesa, hata na pale alipotafakari. Oksijeni ibaki. Session hii hapana. Mandat atajaribu. Hakuna lakini.

Jirani aliuliza oksijeni ni mgonjwa gani. Shangazi mmoja alisema kuliko kungoja session bora mtu aolewe. Mwingine alisema kujaribu si kazi, kujaribu ni maneno. Wakaanza kubishana. Mama yake Rachida hakuingia. Alikuwa akimtazama binti yake, aliyeketi mlangoni na viatu vya matope bado miguuni.

"Na wewe?" alimuuliza chini ya kelele zile. "Wewe mwenyewe ulisema nini kule?"

"Nilisema hapana, mama."

"Kwa prof?"

"Kwa prof."

"Kwa kinywa chako?"

Rachida aliitikia kwa kichwa.

Mama yake aliinama akamfungua kamba za viatu, kimoja kisha kingine, kama alivyokuwa akimfungua alipokuwa mdogo na amerudi na usingizi, akavitoa nje. Aliporudi alimkuta amelala palepale mlangoni, kichwa kwenye fremu ya mlango, wakubwa wakiendelea kubishana juu yake. Akawanyamazisha wote kwa mkono.